Shemasi wa Baiskeli

Katika maisha yangu sijamwogopa na kumcheka mtu kwa pamoja kama nilivyomwogopa na kumcheka Shemasi. Nilimfahamu kwa miaka kadhaa hapa Durban, na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake, wala mimi sikuthubutu kumuuliza. Zamani walimwita Papa Trezo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, lakini baada ya yaliyompata mtoto huyo akaacha kuitikia. Ungemwita hivyo, angeendelea na shughuli zake kana kwamba unamwita mtu wa nyumba ya pili. Mkewe naye hakutaka kuitwa jingine ila Mama Trezo, na ukijisahau ukasema "Mama Shemasi" alikukata jicho ambalo huwezi kulisahau upesi. Ndivyo walivyoishi ndani ya fleti moja kule Greyville, mmoja amelifukuza jina la mtoto, mwingine kalikumbatia.

Kazi ya Shemasi ilikuwa kunyoa. Saluni yake ilikuwa kijichumba kati ya duka la simu na duka la wigi, na kila mwanamume Mkongo wa upande ule wa mji alipitia pale. Kwao Katanga, msiba unapomalizika wafiwa hunyolewa, kisha wanavaa nguo za kawaida, wanakula, wanacheka tena. Shemasi ndiye aliyewanyoa wafiwa wetu. Aliwanyoa bila redio na bila maongezi, akimaliza anakizungusha kiti polepole mpaka mtu ajione kwenye kioo, kisha anasema, "Vwala. Rudi ku batu," yaani basi, rudi kwa watu. Watu wazima walitoka pale wakilia kwa nafuu.

Kichwani mwake mwenyewe kulikuwa na kichaka. Nywele zilikuwa zimemfunika masikio, nyeupe kwa nyeusi, na ndevu zikafuata mkondo huo huo. Wateja wapya walishindwa kujizuia. Mmoja alimuuliza mbele yangu kama kinyozi huyu hana kioo. "Kioo iko," alijibu Shemasi, mashine inaendelea kuunguruma mkononi. "Ni miye sitaki kuangalia." Mteja akacheka, wengine kwenye benchi wakatazama sakafu, kwa maana walijua.

Mimi ni mama wa Kikenya, nafanya kazi ya maabara chuoni, kule Westville, ambako watu huwasha gari hata kwenda kununua mkate. Niliingia kwenye msafara wa Shemasi kwa sababu daktari aliniambia nitafute mazoezi, na Mkenya mwenzangu, Otieno, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu ya historia, akanishawishi. Msafara wenyewe ulikuwa hivi: kila mwaka, wakati wa baridi, watu wa kanisa la Wakongo, alikokuwa shemasi, pamoja na sisi marafiki tulipakia baiskeli kwenye pikapu na trela, tukapanda mpaka nyanda za juu nyuma ya Ladysmith, na huko tukaendesha siku kadhaa mfululizo kati ya medani za vita vya kale. Ni nchi ya nyasi tupu. Wakati wa baridi nyasi zinakuwa rangi ya mkate uliokauka, upepo hausimami, na unaweza kuendesha saa nzima hujaona kitu kilichosimama wima isipokuwa waya wa ua na ng'ombe. Wazulu na Waingereza walimalizana huko, kisha Waingereza na Makaburu nao wakamalizana papo hapo. Niliichukia ile nchi tangu siku ya kwanza na kila mwaka nilirudi.

Shemasi alikuwa mtu wa mbele. Wanamichezo wote ninaowajua wanapenda kuwa mbele ili wawe wa kwanza kufika. Yeye alipenda kuwa mbele ili awe wa kwanza kusimama. "Kazi ya mutu ya mbele ni kungoja," alisema, na alikuwa akisema kweli, maana kila tulipopanda mlima tulimkuta juu, baiskeli ameiegemeza nyongani, uso ameugeuzia huku tulikotoka. Ukimpigia kelele kutoka chini kwamba umechoka, alikujibu kwa swali lile lile: "Unaniona?" Ukisema unamwona, alisema, "Basi haujapotea." Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha, na wewe endelea kusukuma.

Tukishafika wote aliita majina. Hakuhesabu vichwa, hilo alilikataa, alisema vichwa vinahesabiwa vya mbuzi. Alimwita kila mtu kwa jina lake na kila mtu akajibu "Niko," na mpaka jina la mwisho liitikiwe hakuna aliyeruhusiwa kugusa chupa ya maji. Mwaka wa kwanza niliona ni mambo ya shule ya msingi. Mwaka wa pili ndipo nilipogundua kwamba baada ya jina la mwisho alibaki kidogo mdomo umefunguka, jina jingine likiwa limefika hapo na kukwama, kisha akaufunga na kusema tunywe. Sikupenda kumtazama wakati ule. Nilijishughulisha na kifuniko cha chupa yangu.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi, na ukali wake haukuchagua. Siku moja Otieno alibaki nyuma kupiga picha bila kumwambia mtu. Shemasi aliposikia jina halijibiwi aligeuza baiskeli, akarudi mteremko wote tulioupanda kwa jasho, akampokonya Otieno simu na kuitia mfukoni mwake. Otieno ni mtu mzima mwenye mke na tasnifu.

"Shemasi, nirudishie simu," alisema, akicheka.

"Unataka siye tukutafute mu majani?" Shemasi alimuuliza. Hakuinua sauti. "Nakuuliza, Otieno. Unataka tutembee mu majani tunaita jina yako?"

Otieno akaacha kucheka. Simu aliipata jioni, ikiwa imefutwa vumbi.

Hakusema baiskeli, kwao ni kinga, na kinga yake ilikuwa kituko. Sisi tulikuwa na baiskeli nyepesi zenye gia. Yake ilikuwa nyeusi, nzito, bila gia, na nyuma amechomelea keria ya vyuma ambayo ungeweza kulazia ndama. Katika ujana wake alisukuma makala, yaani makaa, kutoka vijijini hadi Lubumbashi, magunia yamepangwa mpaka yanamzidi urefu, siku mbili tatu barabarani, na tangu hapo hakuamini kitu kisichobeba. "Kinga bila keria ni kitu ya michezo," alituambia, sisi tuliovaa nguo za kubana. Alibeba vipuri vya wote, sufuria, na mizigo ya mtu yeyote aliyelemewa. Mikono hiyo hiyo iliyopokonya simu ilikuwa ikiziba pancha kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa muuguzi, akiupuliza mpira, akiusogeza karibu na shavu ili asikie pumzi inatokea wapi.

Na alikuwa mwongo, lazima niliseme. Kanisani alitangaza kwamba msafara ni wa historia, ili vijana wajue nchi waliyokimbilia. Kwa kweli historia haikumhusu. Otieno alipotusimamisha kwenye uwanja wa vita na kuanza kueleza jeshi gani lilitokea upande gani, Shemasi aliondoka akaenda kwenye yale marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa, ambayo chini yake wamelala askari wa Kiingereza. Yapo mengi huko, yametawanyika kwenye nyasi kila mahali mtu alipoangukia, na yanatunzwa, chokaa inapakwa upya. Alizunguka kutoka rundo hadi rundo akiyagusa. Mwaka mmoja nilimfuata.

"Ona," aliniambia. "Hawa walikuja kuua batu ba hapa. Na kila mmoja iko na mawe yake. Watoto ba batu bamewekewa mawe."

"Ni wa zamani sana, Shemasi," nilisema.

"Ndiyo. Ni wa zamani, na bado banajua bako wapi."

Nilitaka kumshika mkono na sikumshika. Alikuwa na hasira, na mimi pia ikanipanda, hasira ya kuona chokaa ile mpya juu ya mifupa iliyokwisha kusahauliwa na mama zake.

Mtoto wake, Trezo, alikuwa utingo wa lori. Wakati ule walikuwepo watu waliokuwa wakisimamisha malori na kuyachoma, wakisema wageni wamechukua kazi zao. Lori lake lilisimamishwa katika barabara ile ya nyasi. Dereva aliruka akakimbia, akaokoka, na alipohojiwa alisema neno moja ambalo Shemasi alilishika na hakuliachia tena: kwamba alimwona kijana naye akikimbilia majani. Polisi walisema moto ulikuwa mkali na hakuna cha kumkabidhi mtu. Basi kati ya dereva aliyeona mtu anakimbia na polisi wasiokuwa na mwili, Shemasi alimchagua dereva. Mtoto alikimbilia majani. Labda aliangukia huko, labda amejificha, labda alipotewa na akili na anaishi na watu. Msafara wa historia ulikuwa msafara wa kumtafuta, na sote tulilijua hilo na tuliendelea kubeba chupa zetu za maji na kujifanya watalii.

Kila safari ilikuwa na mahali pamoja pasipotangazwa kwenye ratiba. Ilikuwa baada ya daraja dogo, upande wa kushoto wa barabara. Wiki ile ya msiba polisi walimwelekeza kwa simu, wakamwambia ukivuka daraja utaona palipoungua, bila kusema unatokea upande gani, naye akaenda na watu wawili wa kanisa na kweli wakapaona: ukanda mweusi wa nyasi zilizoungua, umenyooka kando ya barabara. Mwaka uliofuata wakarudi, bado ni peusi. Na mwaka mwingine tena. Nyasi nyingine zote zilikuwa zimesimama, kavu, zikipeperuka, ila pale tu palikuwa na majivu. "Majani inakataa kuota hapa," Shemasi alisema. "Mungu anatuonyesha." Tulivua helmeti, tukashikana mikono, tukaimba, kisha yeye akatembea peke yake ndani ya nyasi zaidi ya ule weusi, akiita polepole. Mimi si mtu wa kuamini ishara, lakini nilipatazama pale penye weusi usiokwisha na mwili ukanisisimka.

Nyumbani Greyville, Mama Trezo alikuwa amevaa nguo nyeusi tangu siku ile. Ninaposema tangu siku ile sitii chumvi. Mama mfiwa wa kwao anavaa nyeusi mpaka kilio kimalizwe rasmi, na kilio chake hakikumalizwa, kwa kuwa mumewe alikataa. Hakwenda harusi za watu. Hakukaa meza moja na wageni. Watu waliofiwa baada yake walinyolewa na mumewe mwenyewe, wakavaa rangi, wakazaa watoto wengine, yeye bado yuko kwenye nguo ile, imepauka makwapani.

Nilizoea kumtembelea. Alikuwa akisonga bukari, ugali wa kwao, na mimi nikichambua sombe, kisamvu chao, na jioni moja aliweka mwiko chini akaniambia bila kunitazama, "Mama, mwili yangu imechoka na hii nguo. Batu balikuja nyuma yangu bamemaliza kilio. Miye banipita. Niliwekwa pembeni."

"Umemwambia?"

"Kila siku namwambia. Anasema kumaliza kilio ni kumwambia mutoto asirudi." Akauchukua mwiko tena. "Yeye iko na tumaini. Miye niliyemzaa, mwili yangu inajua. Nataka nimulie mutoto wangu vizuri, halafu nikae."

Nilimtetea Shemasi kidogo, nikasema ni uchungu. Mama Trezo akasema uchungu anao na yeye, lakini wake hautembei kwa baiskeli. Nikarudi kwenye sombe langu.

Yote yalivunjika katika msafara wetu wa mwisho. Tulikuwa tumesimama kwenye ule weusi, helmeti mkononi, wimbo umefika ubeti wa pili, nikaona mwanamke mmoja wa pale amesimama ng'ambo ya barabara na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mtu wa makamo, amejifunga blanketi, miguuni viatu vya mpira vya shamba. Alingoja tuimbe mpaka mwisho. Kisha akavuka, akatua kuni zake, akamwamkia Shemasi kwa heshima, akamuuliza tunamlilia nani. Shemasi Kizulu anakijua vizuri, saluni ilimfundisha, nasi wengine twasikia cha kutosha. Akamweleza: lori, moto, mtoto wake.

Yule mama alizitazama nyasi nyeusi, akatutazama sisi, na nilimwona akitafuta namna ya kusema.

"Baba, hapa panachomwa na mwenye shamba," alisema. "Kila mwaka baridi ikianza anachoma ukanda huu, ili moto wa barabarani usiingie malishoni mwake. Ukija wakati wa mvua utakuta majani mabichi tu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda wakati wa mvua. Tulikwenda kila baridi kwa sababu baridi ndiyo majira ya baiskeli, barabara kavu, likizo ya shule. Na Shemasi, aliyekulia Katanga ambako nyika huchomwa kila mwaka na mtoto mdogo analijua hilo, alikuwa ameutazama ukanda ule miaka yote na hakuona moto wa mkulima. Kwao moto hula nyika nzima, haunyooki kando ya barabara. Aliona alichokuwa anakitafuta.

"Lori liliungua wapi?" aliuliza.

Mwanamke akanyoosha kidole tulikotoka. "Kabla ya daraja. Pale lami ilipozibwa kiraka. Lami iliyeyuka, kesho yake tu wakaja kuiziba."

Nilikumbuka kile kiraka. Kila mwaka gurudumu langu lilikigonga na mimi nikatukana serikali. Tulikuwa tumepita juu yake sote, mmoja mmoja, kila safari, kuja kuimbia majivu ya mwenye shamba.

Shemasi aliendelea kuuliza kwa sauti ile ile ya kawaida. "Mutoto alikimbilia upande gani? Dereva alisema alikimbilia majani."

"Aliyekimbia ni mmoja, Baba. Huyo dereva. Kijana alibaki ndani." Akaushika ukingo wa blanketi lake. "Tulikuwa kule juu, kwenye nyumba zile. Tuliogopa kushuka, wale watu walikuwa na silaha. Tulimsikia."

"Alisema nini?"

"Sikuijua lugha yake. Lakini alimwita mama yake. Hilo nililisikia, maana ni neno hilo hilo tunalolitumia sisi."

Otieno, ambaye hakosi neno, alikuwa ameinamisha kichwa na anafunga na kufungua ukanda wa helmeti yake. Yule mama hakuondoka. Alisema kwao mtu akifa barabarani hivyo hawamwachi. Wanachukua tawi la ule mti wa miiba, akauonyesha, ulikuwa mmoja karibu na daraja, wanakwenda mahali penyewe alipofia, wanamwita kwa jina, wanamwambia twende nyumbani. Anayelibeba tawi haongei na mtu yeyote njiani, anaongea na marehemu tu. Mkivuka mto unamwambia mnavuka mto. Mkikata kona unamwambia mnakata kona. Usipomwambia atabaki hapo.

Shemasi akajinyoosha. Ulikuwa ushemasi uliojinyoosha, niliuona ukimpanda mgongoni. "Asante, Mama. Siye tuko batu ba Yesu," alimwambia. "Wafu wetu wako mikononi mwa Mungu."

"Sawa, Baba," alisema yule mwanamke, akajitwika kuni zake. "Lakini yeye yuko barabarani."

Akaenda zake. Shemasi alipanda baiskeli akaondoka bila kuita majina na bila kungoja mtu. Tulipomfikia alikuwa amesimama juu ya kile kiraka, katikati ya barabara, baiskeli katikati ya miguu, magari yakimpigia honi na kumzunguka. Hatukumkaribia. Tulisimama kando mpaka alipoamua mwenyewe kushuka mteremko.

Kwenye pikapu, tukirudi, alituambia jambo moja tu, kwamba maneno ya yule mama yasifike Durban. Yalifika kabla hatujashusha baiskeli. Nani aliyemwambia Mama Trezo sikujua, na kwa jamii yetu ya kuongea sikuona ajabu. Aliniita baada ya kanisa, akanivuta kwenye kona ya maegesho.

"Ni kweli aliniita?"

Nikamwambia ni kweli. Sikuona haki ya kumficha.

Aliukamata mkoba kwa mikono yote miwili. Kisha akasema, "Nilimwambia baba yake, nenda umulete. Kama iko tawi, kama iko jiwe, kama iko mchanga, umulete. Ananiambia hiyo ni mambo ya mizimu, kanisa itamufukuza. Eish, mama. Yeye ni mutu ya kanisa. Miye ni mama."

Tangu hapo hawakusemezana. Waumini walijaribu kuwapatanisha, wakashindwa. Msafara haukufanyika tena, watu wakauza baiskeli, Otieno akamaliza masomo yake akarudi Kisumu. Saluni ilikuwa wazi, lakini Shemasi akaanza kuwakataa wafiwa, akawaelekeza kwa vinyozi wengine. Nilipita mara moja nikamkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, amekigeuzia kioo mgongo. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za Westville, nikamwambia ni nzuri, tukaishia hapo. Nilisikitika njia nzima, na nilimkasirikia pia, maana nilifikiri ni mtu anayeweza kuukomesha uchungu wa mwanamke kwa siku chache za kukanyaga pedali na hataki.

Miezi ikapita. Alasiri moja ya mvua nyepesi nilikuwa nikitoka kazini kwa gari, naelekea mjini. Nilipofika Cato Manor, kwenye ule mteremko, niliona mbele yangu baiskeli nyeusi yenye keria ya vyuma. Nilidhani amebeba kuni. Nilipokaribia nikaona ni tawi moja, limefungwa wima kwa vipande vya mpira wa tairi, majani yake yameanza kunyauka, miiba imefunikwa kwa koti lake mwenyewe. Yeye alikuwa na shati tu, limemganda mwilini. Suruali ilikuwa tope mpaka magotini, tope jekundu la kule juu, si la hapa kwetu.

Nilishusha kioo. "Shemasi."

Alinigeukia akanitazama. Macho yalikuwa mekundu, midomo imepasuka kwa upepo. Alitikisa kichwa mara moja, kisha akageuka mbele, na mimi nikaelewa, nikafunga mdomo.

Alikuwa akiongea. Nilizima redio ili nimsikie. "Trezo, hapa ni Cato Manor. Tunashuka sasa. Ushike muzuri, barabara iko na maji." Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki ya kukwaruza, ya mtu aliyeongea siku nyingi mfululizo kwenye upepo. Alimwambia kila kona. Alimwambia hapa kuna shimo. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani, alisimama, mguu chini, akasema, "Ni nyekundu. Tungoje. Bado kidogo." Ilipowaka kijani akamwambia, "Sasa tuende."

Teksi za hapa haziogopi Mungu wala serikali. Niliwasha taa za hatari, nikabaki nyuma yake kwa mwendo wa miguu, na walionipigia honi na kunitukana niliwaacha watukane. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa nikiwaza mito yote kutoka kule juu mpaka hapa, na mtu huyu, shemasi wa watu, akisimama kwenye kila daraja kuutangaza mto.

Mbele ya fleti zao alishuka. Alilifungua tawi taratibu, mpira mmoja baada ya mwingine, akaliweka begani, miiba ikamwingia shingoni na hakuisogeza. "Trezo, ni hapa," alisema. "Lifti haitumike. Ngazi ni nyingi. Twende pole pole."

Hakuwahi kupanda. Mama Trezo alikuwa amekwisha kushuka. Sijui alimwona kutoka dirishani au aliambiwa. Alikuja mpaka mlangoni na nguo yake nyeusi, kitambaa cha jikoni bado kiko mkononi, watu wamesimama kwenye ngazi nyuma yake. Hakumtazama mumewe, wala mimi hakuniona. Alinyoosha mikono yote miwili, akalipokea tawi na miiba yake, akalilaza kifuani.

"Umekawia, mwana yangu," alisema. "Panda. Chakula itapoa."